Sare ya Theluji

Tulimzika mwenyekiti wetu tukiwa tumevaa sare tuliyoshona kwa ajili ya kwenda kuteleza kwenye theluji Ufaransa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mjane wake alituma ujumbe kwamba marehemu hakupenda nguo nyeusi, kwa hiyo tuvae kitu cha pamoja, na kitu pekee cha pamoja kilichokuwa kwenye makabati yetu, kuanzia Auburn hadi St Marys, hapa Australia, ni kile kitenge: rangi ya chungwa ya kuumiza macho, kimejaa kuku weupe wakubwa kama mito ya kulalia, kila kuku akimtazama mwenzake kwa dharau. Nilisimama kando ya kaburi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye shahada mbili na goti moja bovu, nimevaa kuku. Gauni lilinibana kwapani na lilinuka vidonge vya kufukuzia nondo. Wachimba kaburi, ambao nao walivaa fulana zao za chungwa za kazini, walitupisha kwa heshima ya ajabu. Nadhani walituchukulia kuwa wenzao wa idara nyingine.

Baadaye tulikwenda kula kwenye ukumbi wa kanisa, St Marys, si mbali na stesheni, ukumbi ambao kila ninapoingia unanuka mafuta ya harusi iliyopita. Kulikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, na sinia la keki kavu ambalo mtu fulani hulileta kwenye kila msiba na hakuna anayeligusa. Nina hakika ni keki zilezile. Mama Neema alikuja na sahani yake akaketi karibu nami, kuku wake wakigusana na kuku wangu. "Katibu," akasema, kwa sababu tangu mwaka ule hakuna kati yao anayeniita kwa jina langu, "hii nguo bado unaichukia?" Nikamwambia ndiyo, kwa moyo wangu wote. Akacheka bila sauti, kama watu wanavyocheka msibani, akasema kuna kitu hajawahi kuniambia, lakini kwanza nile. Mama Neema ni Mkongo wa Uvira na kwake habari nzito haipewi mtu mwenye njaa. Basi nikala, na huku nachambua miiba ya samaki mwaka wote ule ukanirudia, pamoja na harufu zake.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Niliuanza nikiwa mwalimu wa mikataba ya muhula chuo kikuu, nikaumaliza nikiwa katibu wa Kamati ya Safari ya Theluji, na hadi leo wasifu wangu wa kazi unaishia kwenye cheo cha kwanza kwa sababu sijui cha pili nikiandikeje. Chuo kiliniaga kwa barua pepe yenye picha ya maua. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani nyumbani kwa Mama Neema, Guildford, chumba kilichojengwa na mtu aliyeamini kwamba ubao mwembamba ukipakwa rangi nyeupe unakuwa ukuta. Upande wa pili wa ubao huo kulikuwa na jiko lake. Nilijua sufuria gani imeinjikwa, kitunguu gani kimeungua, na binti yake Neema amejibu nini, ambacho siku zote kilikuwa Kiingereza, hata akiulizwa kwa Kiswahili kama ameoga. Majira ya baridi yalipoanza tukafungiwa ndani, na sisi wa magharibi mwa jiji tukafungiwa kwa kufuli kubwa zaidi. Helikopta ilizunguka juu ya mabati, askari wa jeshi wakatembea mitaani wakigonga milango, na jioni televisheni ikatuonyesha watu wa ufukweni, upande ule mwingine wa jiji hilihili, wakitembeza mbwa na kula aiskrimu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukizwa na aiskrimu ya mtu asiyemjua. Mwaka ule ulinifundisha.

Mama Neema alikuwa mmoja wa wachache walioruhusiwa kutoka, kwa sababu alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi jioni ananuka dawa ya kuua vijidudu hadi kwenye nywele, akavua sare ya kazi pale kwenye mashine ya kufulia nje ya mlango wangu, akaoga, kisha akasimamisha simu kwenye kopo la unga na kuwapigia wa Ufaransa. Huko alikuwepo mdogo wake, Solange, na mama yao. Walipotawanyika kutoka kambi ya wakimbizi, Solange na mama walipelekwa Ufaransa, Mama Neema akaletwa Australia, na tangu siku ile mama na binti hawakuonana tena ila kwenye kioo cha simu. Na sasa hata kioo kilikuwa kinakaribia kushindwa. Nikiwa kitandani, na vitabu ambavyo sikuwa tena na wa kumfundisha, nilimsikia bibi akilalamika kwamba anaona moshi tu. Aliishika simu karibu sana na uso, kwa hiyo binti yake aliongea kila jioni na jicho moja na kipande cha paji.

"Maman, ni mimi."

"Najua ni wewe, nasikia. Mimi nasema kuona."

Daktari alikuwa amewaambia kwamba macho yale hayarudi nyuma. Yanakwenda mbele tu, polepole, hadi yatakapofika gizani, na gizani si mbali. Bibi hakuomba kuponywa. Aliomba amwone binti yake mkubwa mara moja, mtu mzima, kwa sababu uso aliokuwa nao kichwani ulikuwa wa msichana aliyebeba galoni la maji. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Ninalitaja kwa urefu kwa sababu kamati ililisahau haraka, nami sitaki msomaji naye alisahau.

Theluji iliingia kwa njia ya malazi. Solange alikuwa msafishaji wa nyumba za kupanga kwenye mji wa watalii milimani, juu kabisa, ambako watu hulipa fedha nzuri ili wapate baridi. Yeye na mama yao waliishi kwenye chumba cha wafanyakazi, kitanda juu ya kitanda, na mgeni haruhusiwi. Lakini wiki ile ya Januari, watoto wa Ufaransa wanaporudi shule na nyumba za watalii zinabaki tupu, mwenye nyumba huwaachia wafanyakazi mojawapo kwa ajili ya ndugu zao, kwa bei ambayo hata sisi tungeiweza. Sharti lake moja: uje kama watalii wanavyokuja, na tiketi ya lifti, ule mtambo wa kupandisha watelezaji mlimani, ununue, hata kama ni ile ya kilima cha watoto. Kwa hiyo ili Mama Neema amwone mama yake ilibidi aende likizo ya theluji. Alinigongea ubao akaniomba nimtafutie habari, kwa kuwa nimesoma. Nikatafuta. Nikajua kwamba ukilala kijiji cha chini unaokoa nusu, kwamba chakula ununue bondeni kabla basi halijapanda, kwamba viatu na mbao za kutelezea unakodi hukohuko, hununui. Solange alisema dada yake aje na mchele wake.

Hapo ilikuwa safari ya mwanamke mmoja na mchele. Kosa lake lilikuwa kuomba maombi. Kwenye ibada ya mtandaoni alisema anaomba wenzake wamkumbuke kwa safari anayoitarajia, na kabla ibada haijaisha safari ilikuwa na mwenyekiti. Watu wetu hawazaliwi, hawaoi, hawahitimu wala hawafi bila kamati. Mtu akijaribu kufanya jambo lake mwenyewe tunaona ametutukana. Na mwaka ule hapakuwa na harusi wala mahafali, kamati zote zilikuwa zimekaa bila kazi, zikiuma kucha. Marehemu huyu, Bwana Wafula, Mkenya wa Bungoma mwenye kampuni ndogo ya kusafisha maofisi, ambaye maofisi yake yote yalikuwa yamefungwa, alipokea safari ya Mama Neema kama mtu aliyekaa na kiu. Alisema hatumwachi dada yetu aende peke yake mahali pa hatari. Twende naye. Twende kama familia, tena kwa utaratibu. Kufikia Jumapili iliyofuata kulikuwa na mweka hazina, Deo, Mrundi aliyekulia kambi za Kigoma na ambaye hapa aliendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye ghala, kulikuwa na grupu la simu lenye picha ya mlima, na kulikuwa na katibu, ambaye hakuulizwa.

Mikutano ilifanyika kwenye kioo, kila mtu ndani ya kisanduku chake, nusu yao wakituonyesha matundu ya pua. Bwana Wafula aliendesha mambo akiwa amevaa koti la suti na, kama tulivyogundua siku alipoinuka kufunga dirisha, kaptula. Aliipenda sauti yake. Alifungua kila kikao kwa kusoma yale niliyoyaandika kuhusu kikao kilichopita, akayasahihisha, kisha akatoa hotuba kuhusu umoja. Alitaka kujua theluji ina kina gani. Alitaka kujua kama kuna mchungaji huko juu. Aliunda kamati ndogo ya usalama, na kamati ndogo ya chakula, na Deo akauliza kwa upole kama kwenye lifti mtu anaruhusiwa kubeba sufuria. Mimi niliandika. Nikiandika nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumzima yule mtu kwa kidole kimoja, na nikagundua kwamba kitufe kipo, na kwamba kinanizima mimi.

Wakati huohuo, upande wa pili wa ubao, nilimsikia Solange. Nilikuwa nimetumia majuma kutazama picha za ule mji: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote na meno, wote wameshika vikombe vinavyotoa mvuke, mbele ya nyumba ya mbao ambayo hakuna anayeifagia. Solange ndiye aliyekuwa anaifagia. Alimweleza dada yake kazi yake bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nywele kwenye tundu la bafu, nene kama paka. Soksi zilizolowa watu wamezikausha ndani ya oveni, zikasahaulika, zikaiva. Jibini iliyogandia sufuria mpaka inang'olewa kwa kisu. "Watu ya vacances, ya likizo," alisema, "wananawa mikono mara kumi juu ya corona, kisha wanatapika mu lavabo ya kunawia, asubuhi wanaenda kuteleza. Mimi ndiye nabaki nayo." Mama Neema naye akamweleza mambo ya wazee wake, na ndugu hao wawili, mmoja kila ncha ya dunia, walicheka hadi wakakohoa, wakilinganisha uchafu wa watu wengine. Mimi nilikuwa nakula maharage. Niliiweka sahani chini. Nikatazama tena ile picha ya vikombe vyenye mvuke na tangu hapo sijaweza kuiona likizo yoyote ya mtu bila kujiuliza nani anabaki nayo.

Suala la sare lilichukua vikao vingi kuliko suala la tarehe. Mkazi yeyote wa milimani angeshangaa, lakini kwetu huwezi kwenda mahali kama kundi bila kitenge cha pamoja, mtajuana vipi? Hapa nilijitia ujuzi. Nilipendekeza kitu cha utulivu, nyeupe yenye maua hafifu ya kijivu, inayoendana, nilisema, na mandhari. Nilitumia neno mandhari. Bwana Wafula akasema: "Katibu, mtu avae nyeupe kwa theluji? Akianguka tutamtafuta na nini, na dua?" Wakacheka visanduku vyote. Ilipofika wiki tuliyofunguliwa, mke wake alikwenda Auburn akarudi na jora zima la wale kuku. Neema alipita nyuma ya mama yake na glasi ya maziwa, akatazama kitambaa kilichoinuliwa mbele ya kamera, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu duniani anayeteleza akiwa amevaa kuku. Ndiyo mara pekee mwaka ule mimi na yule mtoto tuliafikiana.

Na kufunguliwa kwetu kulileta mabaya zaidi, kwa sababu sasa kamati iliweza kutembea. Nilikuwa nimewasomea mara tatu kwamba viatu vinakodiwa. Bwana Wafula alikunja uso. Kuvaa viatu vilivyovaliwa na watu wengine, alisema, huo ni uchafu. Kisha akaenda akanunua viatu vilivyovaliwa na watu wengine, mafuko matatu ya mabuti ya kutelezea, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, na kwa kuwa bafu langu lilikuwa na sakafu ya vigae yakahifadhiwa humo. Mabuti yale yalikuwa magumu kama ndoo na ndani yake mlikuwa na jasho la watu nisiowajua, jasho lililokomaa, la miaka mingi. Yaliponing'inizwa kwenye bomba la bafu yalionekana kama miguu ya kikosi kizima kilichokatwa. Nilioga nikiyatazama. Nilipiga mswaki nikiyatazama. Mvuke wa maji ya moto uliyaamsha, yakapumua.

Kisha kamati ndogo ya chakula ikaamua tufanye mazoezi ya kula. Solange alikuwa ametuambia kwamba huko juu jioni watu huyeyusha jibini wakamwagia viazi, nao ndio mlo wenyewe, hakuna mwingine. Tukakutana uani kwa Mama Neema, kwa mara ya kwanza tukiwa na miguu na si vichwa tu. Deo alikuwa amenunua pande kubwa la jibini la Kifaransa, na alipolifungua niligeuka, nikidhani mtu ameacha mlango wa bafu langu wazi. Liliyeyuka kwenye kikaango likiwa linatoa mapovu ya njano na harufu iliyowafanya majirani wafunge madirisha. Wenzangu walilikoroga na mvinyo na kuweka nyama ya nguruwe pembeni, hivyo mimi Mwislamu peke yangu niliokolewa na dini. Nikakaa na kiazi changu kitupu nikiwa na amani ya kiroho ambayo sijawahi kuipata tena. Wao walikula kwa adabu, kama watu wanaokunywa dawa. Jibini ilivutika kutoka sahani hadi mdomoni ikakataa kukatika. Mama mmoja aliizungusha kwenye uma kama uzi wa kusuka. Bwana Wafula alimaliza yake yote, akajifuta, akatangaza kwamba ni tamu, kisha akaenda nyuma ya banda la takataka, na sote tukaongea kwa sauti kubwa ili tusimsikie.

Desemba ikaja, mipaka ikawa imefunguliwa, na kirusi kipya kikafika pamoja nayo. Kikao cha mwisho cha mwaka kilifanyika sebuleni kwa Mama Neema, feni ikizungusha joto, mandazi mezani. Ilionekana kwamba katika wote walioshonewa kuku, wengi hawakuwa na hati za kusafiria. Waliokuwa nazo hawakupewa ruhusa kazini. Na waliopewa ruhusa walikuwa wanaogopa. Deo, mtu mwema, ndiye aliyesema maneno yaliyotumaliza. Alisema tumekuwa wamoja toka mwanzo, basi twende wote au tusiende. Watu wakaitika. Ikapendekezwa safari isogezwe mbele mwaka mzima, hadi Januari nyingine, sote tuwe tayari. Nikaweka kalamu chini nikasema macho ya bibi hayana mwaka mzima. Niliona nyuso zikimkumbuka bibi, kama mtu anavyokumbuka ameacha maji jikoni. "Katibu," akasema Bwana Wafula, bila kunitazama, "wewe andika. Usiongee." Kura ikapigwa, ikapita. Mama Neema alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Alimpa mwenyekiti kikombe kwa mikono miwili, akamwongezea sukari, naye mwenyekiti akakipokea akaanza hotuba ya umoja, na mimi nilimchukia yule mtu kiasi cha kuhisi ladha yake mdomoni, ladha ya chuma na jibini.

Januari, asubuhi moja, nilisikia magurudumu yakiburuzwa kwenye njia ya saruji kando ya nyumba. Nikadhani ni siku ya kutoa mapipa ya taka, nikageukia ukutani nikalala. Jioni hapakuwa na simu kwenye kopo la unga. Nilipogonga mlango wa jiko, Neema alifungua akitafuna, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mama ameondoka, amekwenda kwa bibi, na kwamba kuna wali kwenye friji. Sikulala kwa furaha. Kisha simu ikaanza kulia, kwa maana kamati nayo ilikuwa imejua.

Kikao cha dharura kilikuwa na ajenda moja, utovu wa nidhamu. Sijawahi kumwona Bwana Wafula amewaka vile. Alivaa koti na, nilivyohisi, suruali. Alisema dada yetu ametuacha kama watu tusio na maana. Alisema kamati imevuliwa nguo barabarani. Kila mtu akapewa nafasi ya kuumia, mmoja mmoja, na wakaumia vizuri, kwa mifano. Saa zilipita. Mwishowe ikaamuliwa kwamba akirudi atatozwa faini ya kreti mbili za soda na kuomba radhi mbele ya wote. Aliporudi alizileta kreti, akapiga goti kidogo, akaomba radhi, wakazinywa soda zake huku wakimwuliza kama kweli jibini ni vile. Mimi sikunywa. Nilijitoa kwenye grupu siku ileile, nikatoa mabuti bafuni kwa mikono yangu nikayapanga barazani kwa mwenyekiti, na baada ya miezi michache nikahamia Auburn, ambako nilianza kuandika hivi vipande vyangu vya magazetini vya kulalamikia watu. Naweza kusema ule mwaka ndio ulionipa kazi. Bwana Wafula nilimsalimia kwenye shughuli, "Shikamoo, Mwenyekiti," kwa sauti ya kufunga mlango, na yeye akaitikia "Marahaba, Katibu," kama mtu asiyesikia mlango.

Sasa Mama Neema alikuwa ameona sahani yangu imebaki miiba. Akajifuta vidole.

"Unafikiri nani alinipeleka uwanja wa ndege?"

Nikasema teksi.

"Wafula." Akaacha jina likae. "Alikuja yeye mwenyewe, asubuhi, na gari ya kazi, ile ya mandoo. Ni yeye alinitafutia tiketi, siku ileile ya chai. Njiani ndiyo ananiambia: hawa wengine hatuendi popote, Mama Neema. Wacha tupange. Wewe enda. Halafu anasema, usijali ya wale, mimi nitawapa kitu ya kuongea."

Nilimwuliza kuhusu faini. Akacheka tena kile kicheko cha msibani, mabega tu. Faini Wafula alikuwa ameshamwambia ndani ya gari, kabla hata hajafika Ufaransa: kreti mbili, aombe radhi, apige goti kidogo lakini asizidishe. Kreti zenyewe zilikuwa tayari nyuma ya gari, kati ya mandoo. Siku Mama Neema aliporudi, Wafula alimpitishia kreti mlango wa nyuma. Nikauliza kwa nini asiniambie, mimi niliyeishi nyuma ya ubao. "Alikataza. Alisema Katibu anaandika kila kitu." Nikatazama ule ukumbi, watu wazima waliojaa rangi ya chungwa wakigombea vichwa vya samaki, nikakumbuka saa zile za kuumia kwao mmoja mmoja, na kwamba hakuna siku katika ule mwaka mzima wa kufungiwa ambayo walionekana kuwa na afya kama siku ile. Wafula alikuwa amewaandalia siku hiyo. Nilichukizwa naye upya, kwa sababu mpya, na nilitamani awepo ili nimwambie.

"Na hii," akasema Mama Neema, akivuta kitambaa kwenye goti lake, "ndiyo nilitaka kukuambia. Alinipa pale uwanja, ya mke wake, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuisha kushonwa. Akasema vaa juu ya koti, si ndani. Mimi nikasikia haya. Lakini bus ilipofika kule juu, dada, kila mtu ana koti nyeusi, ana masque ya mdomo, ana kofia mpaka hapa. Huwezi kujua mtu na mtu. Solange mwenyewe alikuwa anatafuta ku mlango ya nyuma ya bus. Ni maman aliinua mkono. Akauliza, nani yule amevaa kuku?"

Aliniambia kwamba bibi alimshika uso kwa mikono miwili palepale kituoni akamtazama kwa karibu, kama alivyokuwa akiishika simu, muda mrefu, watalii wakiwapita na mbao zao. Nikamwuliza theluji ilikuwaje. Alifikiri. "Chafu," akasema. "Kando ya barabara ni nyeusi." Juu ya kilima hakwenda, tiketi ya lifti aliinunua, akampa Solange, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kupanda. Kabla ya mwaka kwisha moshi ukafunga macho ya bibi kabisa. Bibi yupo, mzima, anakula, anabishana na redio. Anasema kitu cha mwisho alichokiona sawasawa akiwa mbali, na rangi zake zote, ni wale kuku wakishuka kwenye basi.

Nje jua lilikuwa linashuka upande wa Penrith, na huko Ufaransa kulikuwa kunapambazuka. Mama Neema akachukua simu, akaisimamisha kwenye chupa ya soda, akapiga. Jicho likatokea, lililofunikwa na ukungu, na kipande cha paji. Akamwambia yuko msibani, yuko na Katibu, kisha akanisogezea simu kabla sijaweza kukataa. Nilimwamkia. Bibi akaitika, kisha akauliza swali ambalo, nimeambiwa, huuliza kila siku.

"Wale kuku hawajambo?"

Nikawatazama. Walikuwa wamejaa ukumbi mzima, wengine wamelegea mishono, wengine wana mafuta ya samaki kifuani, na meza ya mbele, penye kiti alichozoea kukaa mwenyekiti, hapakuwa na mtu.

"Hawajambo, bibi," nikasema. "Wanakula."